Jiko Kwanza, Kuta Baadaye: Ujenzi wa Migahawa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Mgahawa mpya unapojengwa Mbinga au Mbamba Bay, ukumbi wa wateja ndio unaopata akili ya mwenye mali mapema: baraza, vigae, taa, rangi ya dari. Jiko hupewa chumba cha nyuma. Kwenye ramani huandikwa jina lake, huwekewa dirisha moja, sinki moja na soketi mbili, kisha ujenzi unasonga. Vyombo vyenyewe hununuliwa mwishoni, kwa fedha iliyobaki. Ndipo oveni inapogoma kupita mlangoni, friza inapokosa soketi, na maji ya sinki yanapoelekea upande usio na bomba la kuyatoa. Vigae vilivyokauka juzi vinapigwa patasi, ukuta unatobolewa upya, na siku ya kufungua inasogezwa mbele.

Ni rahisi kumlaumu fundi. Mara nyingi, hata hivyo, mwashi amejenga alichoonyeshwa, fundi bomba amefuata mchoro aliopewa, na fundi umeme ameweka nyaya kwa mzigo aliotajiwa. Kasoro imo katika utaratibu wa maamuzi: jengo limeamuliwa kabla ya kazi itakayofanyika ndani yake. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba orodha ya vyombo vya jiko inapaswa kutangulia ramani, na kwamba katika mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka maduka makubwa ya Dar es Salaam, utaratibu huo ndio unaoamua kama mradi utafika mwisho ukiwa na mtaji wa kuanzia biashara.

Kilichobadilika

Kwa muda mrefu jambo hili halikuwa na uzito. Jiko la hoteli ya chakula lilikuwa mafiga, kuni, masufuria na paa linaloruhusu moshi kutoka. Jiko la namna hiyo halimhitaji mratibu; likikosewa, mafiga yanahamishwa. Umeme wa Mbinga ulitegemea jenereta za dizeli, ukaja kusaidiwa na mtambo mdogo wa maji wa Andoya kule Mbangamao. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, umeme huo ukafika hadi Mbinga, na tangu hapo mwenye mgahawa wa huko anaweza kufikiria oveni ya umeme, mashine ya barafu au chumba baridi bila kuonekana anaota.

Barabara nayo imebadili hesabu. Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kona na mteremko kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, kilikamilika kwa lami mwanzoni mwa muongo huu. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inajengewa bandari mpya Mbamba Bay. Meli ya MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi mwaka 2021. Abiria, madereva, wanunuzi wa kahawa, watu wa makaa ya mawe ya Ngaka na watumishi wa umma wote wanataka kula, na wanataka kula kwa wakati.

La tatu ni sera ya nishati. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile zinazopikia zaidi ya 300 ziwe zimeacha ifikapo Januari 31, 2025. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Agizo lile lililenga taasisi kama shule za bweni, lakini hata mwenye mgahawa anayejenga leo kwa kutegemea kuni anajenga kitu atakachokuja kukirekebisha.

Kwa hiyo jiko la sasa lina umeme, gesi, maji safi, maji taka, hewa inayoingia na hewa inayotoka. Njia sita hizi zinapita kwenye kuta zile zile na sakafu ile ile, kila moja na fundi wake, na zote zinakutana nyuma ya chombo kimoja.

Chakula ndicho kinachochora

Mahali pa kuanzia ni orodha ya vyakula, kabla ya duka na kabla ya meza ya msanifu. Utauza nini, sahani ngapi, saa ngapi? Mgahawa wa mwambao wenye magege na mbasa wa kukaanga, ugali wa muhogo na usipa una jiko tofauti na ule wa Mbinga mjini unaouza wali, maharage, nyama na chai ya asubuhi. Wa kwanza unahitaji sinki la kuparia samaki lililotengwa na la vyombo, kichujio cha kuzuia magamba yasiingie bombani, barafu na vikaango. Wa pili unahitaji vichomeo vingi vya masufuria makubwa, pamoja na stoo kavu iliyo karibu na mlango wa mizigo.

Katalogi hazijui tofauti hii. Majiko mengi ya hoteli yanayouzwa Kariakoo na mitandaoni yamebuniwa kwa mapishi ya Ulaya au ya China. Chukua jambo dogo kama kimo. Jiko la kawaida la hoteli lina kimo cha sentimita 85 hadi 90, na sufuria la ugali wa watu hamsini huenda likawa na kina cha sentimita 40. Ukiliweka juu yake, mdomo wa sufuria unamfikia mpishi kifuani au begani. Hakuna anayesonga ugali kwa mwiko akiwa ameinua viwiko namna hiyo. Ataomba kigoda, na kigoda mbele ya sufuria linalochemka ni ajali inayosubiri siku yake. Mgahawa unaouza ugali kwa wingi unahitaji jiko fupi la sufuria kubwa, lenye kimo cha nusu mita hivi, na uamuzi huo unabadilisha urefu wa bomba la gesi, kina cha kofia ya moshi na mahali pa kumwagia maji ya kuoshea sufuria.

Orodha ikishakamilika, kila chombo kiandikwe mambo yake: upana, kina, kimo na uzito, umeme wake kwa kilowati, na kama ni wa fezi moja au tatu, gesi kwa kilo kwa saa, maji yanaingia wapi na yanatoka wapi, joto na mvuke kinavyotoa, na upande ambao mlango wake unafungukia. Karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha msanifu kuchora, fundi umeme kukokotoa waya, na mkadiriaji majenzi kutoa bei isiyo ya kubahatisha. Bila karatasi hiyo kila mmoja anakisia, na makisio ya watu watano hayakutani ukutani.

Kabla ya kuchimba msingi kuna jaribio lisilogharimu chochote. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald, wenye mgahawa San Bernardino, California, walichora jiko lao kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wakawaambia wafanyakazi wajifanye wanapika na kuhudumia, kisha wakafuta na kuchora upya hadi watu walipoacha kugongana. Kiwanja cha Mbinga kinakubali jaribio hilo hilo kwa majivu au chokaa. Mpishi, msaidizi wake, mhudumu na muosha vyombo watembee ndani ya mistari hiyo wakiwa wamebeba sufuria tupu na trei. Samaki mbichi anapita wapi? Vyombo vichafu vinakutana wapi na chakula kilichopakuliwa? Makosa yanayoonekana kwenye majivu hufutwa kwa mguu.

Umbali na hesabu ya muda

Anayejenga Dar es Salaam akisahau vali anakwenda maduka ya Gerezani mchana na kurudi jioni. Anayejenga Liuli au Lituhi akiisahau anasubiri basi. Tofauti hiyo inamlazimu apange kuanzia mwisho kurudi mwanzo: siku ya kufungua, siku ya majaribio, siku ya kufunga vyombo, siku ya mzigo kufika, siku ya kuagiza. Mzigo unaotoka China hukaa baharini wiki kadhaa, kisha kuna bandari, forodha na lori. Akihesabu kwa namna hiyo atagundua kwamba vyombo vikubwa vinapaswa kuamuliwa wakati msingi bado ni mitaro.

Kuamua si lazima kuwe ndiko kununua. Mtu anaweza kuchagua modeli, akapata mchoro wake wa viungio, akalipa baadaye jengo likikaribia. Hatari iko kwenye kubadilisha modeli katikati kwa sababu muuzaji amesema ile haipo, hii ni sawa tu. Oveni mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kwa sentimita 10 za upana na kwa fezi za umeme. Mabadiliko ya namna hiyo yasikubaliwe kwa simu. Yaandikwe, na mchoro ubadilishwe kabla mzigo haujapakiwa.

Si kila kitu kinastahili safari hiyo ndefu. Meza za kazi, rafu, sinki na kofia ya moshi vinaweza kutengenezwa na mafundi wa vyuma wa Mbinga au Songea wenye uzoefu wa kuchomelea bati la stenlesi, na faida yake ni kwamba vinapimwa kwenye jengo lenyewe. Sharti ni kuuliza aina ya stenlesi: daraja la 304 linastahimili chumvi, ndimu na maji ya samaki, ilhali 201, ambalo ni rahisi kwa bei, hushika kutu mapema zaidi. Vikaango, majokofu, oveni na mashine za kuoshea vyombo ndivyo vya kuagiza. Hapo kigezo kikuu kiwe ukaribu wa fundi wa kuvitengeneza. Jokofu la kawaida ambalo fundi wa Songea analijua lina thamani kuliko la kisasa linalosubiri mtaalamu atoke Dar es Salaam huku samaki wakiharibika.

Safari yenyewe ina masharti yake. Majokofu yasafirishwe yamesimama. Yakilazwa, yapumzishwe kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mahali pa kuhifadhi mzigo kabla ya kufungwa pawe pamejulikana, kwa maana vyombo vilivyofika mapema na kuwekwa kwenye jengo lisilo na milango hugeuka meza za saruji na ngazi za wapaka rangi.

Hatua za jengo na dirisha la kila uamuzi

Kila hatua ya ujenzi ina maamuzi ambayo baada yake mlango unafungwa. Kwenye msingi na sakafu, ni mabomba ya maji taka, mteremko wake, mahali pa chemba na mfereji wa sakafu. Chumba baridi cha kuingia mtu kinahitaji sakafu ishushwe kwa unene wa insulesheni yake, kiasi cha sentimita 10, ili toroli lipite bila kuruka kizingiti. Jambo hilo likisahaulika, zege linakatwa au kizingiti kinabaki milele.

Kwenye kuta, ni tundu la dohani, mabomba ya gesi, maboksi ya umeme kwa kimo sahihi, na ubao au chuma cha kushikilia rafu nzito. Hapa ndipo msemo wa wahenga kuhusu ufa na ukuta unapogeuka: asiyeacha tundu atabomoa ukuta. Tundu la feni likipitia kwenye lenta ya zege baada ya zege kukauka, fundi atakata nondo, na jengo litakuwa limedhoofishwa kwa ajili ya moshi.

Mlango ni somo peke yake. Chombo kikubwa kuliko vyote, kikiwa ndani ya sanduku lake, ndicho kinachopima njia yote kutoka lorini hadi mahali pake: geti, kona ya korido, mlango wa jiko. Kama hakipiti, upande mmoja wa ukuta uachwe wazi kwa makusudi hadi kiingie, na jambo hilo liandikwe kwenye ratiba ya mwashi.

Kisha vinakuja paa, plasta, vigae, rangi, na ndipo vyombo. Bomba la gesi lijaribiwe kwa shinikizo la hewa na mabomba ya maji yajazwe kabla ya vigae, wakati kila kiungo bado kinaonekana. Dohani ipite kwenye bati kabla ya mvua za Novemba, maana tundu la paa linalozibwa katikati ya masika Umatengo huvuja hadi kiangazi. Picha za simu za kila ukuta kabla ya plasta, zikiwa na futi kamba pembeni, zina faida kuliko ramani nyingi: mwaka wa tatu, fundi atakapotaka kutoboa, atajua waya umepita wapi.

Mwinuko, baridi na joto la ziwani

Mbinga mjini pana kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari; maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Ni mwendo mfupi kwa gari, lakini kwa jiko ni nchi mbili.

Mbinga, msukumo wa hewa ni karibu asilimia 86 ya ule wa pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maharage, zao ambalo Umatengo unalijua vizuri, yanakaa motoni muda mrefu zaidi. Maana yake kimpango ni wazi: kichomeo cha maharage kinashikiliwa asubuhi nzima, hivyo anayehesabu vichomeo kwa mfano wa hoteli ya Dar es Salaam atapungukiwa. Ama aongeze kichomeo, ama anunue sufuria kubwa la presha.

Gesi pia inapungukiwa hewa ya kuungua nayo. Kanuni inayotumika sana Marekani inapunguza nguvu ya kichomeo kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mbinga, ukihesabu kutoka usawa wa bahari, hiyo ni karibu asilimia 17. Moto wa njano unaopaka masizi kwenye masufuria ni ishara kwamba tundu la gesi ni kubwa kuliko hewa inayopatikana. Muuzaji aelezwe mwinuko kabla ya kuagiza, ili vichomeo vije vimerekebishwa. Jenereta ya dizeli nayo hupoteza nguvu kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna baridi ya Juni na Julai. Mtungi hautoi gesi kwa kasi unayotaka wewe. Unatoa kwa kasi ambayo kimiminika ndani yake kinaweza kugeuka mvuke, na baridi huipunguza kasi hiyo. Jiko lenye vichomeo vya jumla ya kilowati 30 hutumia kilo 2 na zaidi za gesi kwa saa likiwa limefunguliwa lote, kwa kuwa kilo moja hutoa karibu kilowati-saa 13. Kwenye karatasi, mtungi wa kilo 38 unatosha saa 16. Kwenye alfajiri ya baridi, mtungi mmoja utaganda umande ubavuni na moto utanywea kabla haujafika nusu. Suluhisho ni mitungi kadhaa iliyounganishwa kwa bomba moja, na hiyo inahitaji kibanda cha nje kilichopangwa kwenye ramani. Kibanda hicho kikae mbali na chemba na mashimo, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia pale chini.

Baridi hiyo hiyo huwafanya wapishi wafunge madirisha. Feni inayonyonya hewa lazima ipate hewa ya kuingia. Ikikosa, haivuti moshi, na gesi ya sumu isiyo na harufu inaanza kujikusanya. Jiko la Mbinga linahitaji tundu la hewa lisilofungika, lililowekwa mahali ambapo halimpigi mpishi mgongoni. Kofia ya moshi ipite ukingo wa jiko kwa sentimita 15 au zaidi kila upande, vinginevyo mvuke unapanda pembeni yake.

Mwambaoni matatizo yanageuka. Joto linaifanya mitambo ya majokofu ifanye kazi zaidi, hivyo kompresa zikae kivulini penye hewa, mbali na ukuta wa vikaango. Maji ya Nyasa si ya chumvi, kwa hiyo kutu haina ukali wa Mtwara au Tanga. Badala yake kuna nzi wa ziwa, wanaopanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa. Madirisha ya jiko yawe na wavu unaofunguka kwa kusafishwa. Upepo wa kiangazi wa kusini mashariki unaweza kurudisha moshi ndani ya dohani iliyoelekezwa vibaya na kuzima moto wa gesi karibu na dirisha.

Juu ya yote kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Anayetaka mteja ale akitazama maji ajue mapema jengo, shimo la maji taka na mtego wa mafuta vitakaa wapi. Mafuta ya samaki wa kukaanga ndiyo adui mkubwa wa mabomba. Mtego wake ukikaa ndani ya jiko hunuka kila unapofunguliwa. Ukikaa nje penye kivuli na njia ya kufikika, husafishwa kila wiki bila malalamiko.

Jiko la nje lina hoja yake

Nyumba nyingi za nchi hii zimelitenga jiko na nyumba ya kulala, na si kwa umaskini. Moshi, joto na hatari ya moto vilikaa upande wake. Mgahawa wa kisasa umelirudisha jiko ndani, kisha ukalipia feni, dohani na vizuia moto ili kurekebisha kilichokuwa hakina tatizo.

Kwa viwanja vya Mbinga na Nyasa, ambavyo mara nyingi si finyu kama vya Kariakoo, jengo la jiko lililojitenga na kuunganishwa na ukumbi kwa njia yenye paa linastahili kufikiriwa upya. Hewa inapita pande mbili, mitungi inakaa nyuma, mlango mpana wa mizigo unaingiza chombo chochote, na jiko linaweza kukamilishwa na kujaribiwa huku ukumbi ukiendelea kupakwa rangi. Gharama yake ni hatua za wahudumu, chakula kupoa njiani, na mvua ya upepo wakati wa masika. Kwa mgahawa wa sahani zinazopikwa moja moja kwa oda, gharama hiyo ni kubwa. Kwa mgahawa wa ugali, wali na samaki wanaotayarishwa kwa wingi, kabati la joto karibu na dirisha la kupakulia linaifuta kwa sehemu kubwa. Kwa jiko la shule au hospitali, sioni hoja ya nguvu ya kuliweka ndani.

Umeme na watu wanaoukagua

Mfumo wetu ni volti 230 kwa fezi moja na 400 kwa fezi tatu, mizunguko 50. Chombo cha volti 120 na mizunguko 60 kilichonunuliwa kwa bei poa kutoka Marekani ni mzigo. Oveni ya mvuke ya trei kumi hutaka karibu kilowati 18 za fezi tatu. Nguvu hiyo peke yake inazidi ile inayopatikana kwenye laini ya fezi moja ya ampea 60. Ombi la fezi tatu lipelekwe TANESCO wakati kuta zinapanda, kwa kuwa nguzo au transfoma ikihitajika, muda wake hauko mikononi mwa mwenye jengo. Umeme ukicheza, majokofu na mashine zenye kompyuta ndogo ndani yake zilindwe, na waya wa ardhi uwe wa kweli, umepimwa.

Ukaguzi nao huwekwa mwisho, na hilo ni kosa lile lile la utaratibu. Kibali cha ujenzi kiko halmashauri. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linatazama njia za kutokea na vizima moto. Kwa vikaango, blanketi la moto na kizima moto cha mafuta ya kupikia ni lazima viwepo, kwa maana maji juu ya mafuta yanayowaka hulipua. Mafundi umeme wanapewa leseni na EWURA. OSHA husajili sehemu za kazi. Tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula umehamia TBS, na bwana afya wa halmashauri ana neno lake kuhusu vigae, wavu na vyoo vya wafanyakazi. Maofisa hawa wakionyeshwa mchoro wa jiko mapema, maoni yao hurekebishwa kwa penseli. Wakiitwa wiki ya ufunguzi, maoni yale yale hurekebishwa kwa nyundo.

Nani anashika mchoro

Kuna njia tatu zinazotumika. Katika ya kwanza mwenye mali huratibu mwenyewe: anajua anachotaka na hamlipi mtu, lakini mara nyingi yuko kwenye biashara nyingine, na maagizo yake kwa mdomo humfikia fundi mmoja na kumpita mwingine. Katika ya pili mkandarasi mkuu hubeba vyote, vyombo vikiwemo: jukumu liko mahali pamoja, ila mkandarasi wa majengo si mpishi, na atanunua chombo kinachompa faida. Katika ya tatu muuza vyombo huchora jiko bure. Mchoro wake huwa mzuri kwa kupanga vyombo anavyouza, na kimya kuhusu sufuria la ugali.

Njia inayofaa miji ya ukubwa wa Mbinga ni ya nne, na haigharimu mshahara mkubwa: mtu mmoja anayepewa mamlaka kwa maandishi juu ya mchoro mmoja wa jiko. Anaweza kuwa fundi sanifu, msanifu kijana, au mpishi mkuu mwenye uzoefu akisaidiwa na fundi umeme. Kazi yake ni kuhakikisha nakala iliyobandikwa ukutani ndiyo ya mwisho, kuwakutanisha mwashi, fundi bomba, fundi umeme na fundi wa vyuma mara moja kwa wiki mbele ya mchoro huo, na kukataa badiliko lolote lisiloandikwa. Mpishi ashirikishwe tangu hapo. Kumwajiri miezi miwili kabla ya kufungua ni nafuu kuliko kubomoa meza moja.

Mikataba nayo iseme nani anaishia wapi. Fundi bomba anaishia kwenye vali au anaunganisha hadi kwenye mashine? Nani analeta mpira wa gesi, nani anatoboa marumaru, nani anaondoa maboksi? Sehemu hizi za katikati ndizo zinazozaa ugomvi, kwa sababu kila fundi anaamini ni za mwenzake. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi jiko lipike.

Kupika ndiko kujaribu

Jiko lisikabidhiwe kwa kuwasha taa. Vichomeo vyote viwashwe pamoja na feni na majokofu, kwa saa mbili, milango ikiwa imefungwa kama itakavyokuwa mvua ikinyesha. Masinki yote yajazwe na kufunguliwa kwa mpigo mmoja. Joto la friji lisomwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Umeme ukatwe kwa makusudi ili ionekane jenereta inabeba nini. Kisha wafanyakazi wapike menyu nzima kwa ajili ya mafundi wenyewe, na kila linalogoma liandikwe. Mpishi aonyeshwe vali kuu ya gesi, ambayo iwe karibu na mlango wa kutokea, na mmoja wa wafanyakazi afundishwe kusafisha vichujio, kondensa na mtego wa mafuta.

Bandari ya Mbamba Bay ikikamilika, hoteli za chakula zitaongezeka kutoka Lituhi hadi Mbinga mjini, na nyingi zitajengwa kwa mikopo. Riba hailali jiko linapobomolewa. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zinaweza kusaidia kwa jambo jepesi: kutopitisha ramani ya mgahawa isiyo na orodha ya vyombo na mchoro wa njia sita za jiko. Vyuo vya ufundi vinaweza kuwafundisha vijana kuusoma mchoro huo. Lakini uamuzi wa kwanza ni wa mwenye mali, na unafanyika siku anapomwita msanifu: akianza na idadi ya meza ukumbini, atalipia jiko mara mbili; akianza na kile kitakachopikwa, idadi ya meza atakayoweza kuihudumia itajulikana yenyewe.